Kupanda Mianzi Mikubwa Bustanini: Kwa Nini Shina Halinenepi

Ni mimea michache iwezayo kushindana na mwanzi mkubwa kwa fahari katika bustani ya shule au ya nyumbani. Kichaka kimoja kilichokomaa huinua mashina yake mita 20 au zaidi, hutoa kivuli mwaka mzima, huushika udongo usichukuliwe na maji ya mvua, na humpa mwenyewe nguzo za kujengea bila ya kuuawa mmea wenyewe. Hata hivyo, vichaka vingi vinavyopandwa havifikii hali hiyo. Aghalabu hubaki na vijiti vyembamba mwaka hata mwaka, na mwenyewe husema kuwa udongo wake ni mbaya au kwamba mche aliopewa ulikuwa dhaifu. Mara nyingi kosa haliko katika udongo wala katika mche. Mmea umetunzwa kana kwamba ni mti, nao si mti.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwanzi unavyokua, na kuonyesha kwamba kanuni zote za kuupanda, kuutunza na kuukata zinatokana na jambo moja tu la maumbile yake. Mwalimu wa biolojia au wa kilimo atapata humu pia zoezi la kufanya na wanafunzi wake bila ya kuhitaji maabara.

Jamaa wa mahindi na muwa

Wataalamu wa mimea wanazijua aina zaidi ya 1,600 za mianzi duniani, nazo zote zimo katika jamii ya nyasi, pamoja na mahindi, mpunga, mtama na muwa. Undugu huu si wa majina tu. Tazama muwa: una pingili, na kati ya pingili na pingili pana fundo, na kwenye kila fundo limo chipukizi lililolala. Mwanzi umejengwa vivyo hivyo, ila pingili zake kwa kawaida zina uwazi ndani, na kuta zake ni ngumu kwa sababu ya nyuzi zilizokaza na madini ya silika yaliyomo katika ngozi yake ya nje.

Sasa linganisha mwanzi na mwembe. Chini ya gome la mwembe kuna tabaka jembamba la seli zinazogawanyika daima, liitwalo kambiamu. Kila mwaka tabaka hilo huongeza mbao upande wa ndani na gome upande wa nje. Ndiyo maana mwembe uliopandwa na babu hauwezi leo kukumbatiwa na mtu mmoja. Mwanzi hauna tabaka hilo. Chipukizi la mwanzi hutokeza ardhini likiwa tayari na unene wake wote. Chipukizi lenye kipenyo cha sentimita 4 litakuwa shina la sentimita 4, nalo litabaki hivyo hata ukilimwagia samadi kila wiki mpaka siku litakapokufa. Linaweza kurefuka, na kisha kukomaa na kuwa gumu. Lakini kunenepa, la hasha.

Basi mianzi minene hutoka wapi? Jibu limo chini ya ardhi.

Akiba iliyo chini ya ardhi

Mashina yote ya kichaka kimoja huunganishwa na shina jingine linalokaa ardhini, ambalo wataalamu huliita rizomu. Rizomu si mzizi, kwani ina pingili na mafundo kama shina la juu. Mizizi huota kutoka kwenye mafundo hayo. Kazi yake ni kuweka akiba ya chakula, hasa wanga, na kubeba macho ambayo yatakuwa machipukizi ya msimu ujao.

Chipukizi linapotokeza wakati wa mvua halina jani hata moja la kulitengenezea chakula. Limefunikwa kwa magamba magumu, nalo hulishwa na rizomu pamoja na mashina ya zamani yaliyo karibu nalo. Zaidi ya hayo, mafundo yote ambayo shina litakuwa nayo litakapokuwa refu tayari yamo ndani ya chipukizi, yakiwa yamebanana. Kazi iliyobaki ni kila pingili kurefuka: seli zilizo chini ya pingili hugawanyika, kisha hujaa maji na kutanuka. Mfano wake ni antena ya redio ya mkononi, ambayo vipande vyake vyote vimo ndani tangu mwanzo, na kinachofanyika ni kuvutwa tu.

Hii ndiyo siri ya kasi ya mwanzi. Tuchukue shina lililofikia mita 24 kwa siku 100. Wastani wake ni sentimita 24 kwa siku, yaani sentimita 1 kwa kila saa, usiku na mchana. Wastani huo, hata hivyo, huficha ukweli kwamba mwanzoni na mwishoni shina huenda polepole, na katikati huenda kasi sana. Huko Japani imewahi kupimwa mianzi iliyorefuka zaidi ya mita 1 kwa siku moja. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mwanzi unaopaa kwa miezi mitatu umelipiwa gharama yake na majani ya miaka iliyotangulia.

Kutokana na hayo msomaji ataweza kuieleza historia ya kichaka tangu siku ya kupandwa. Mche mdogo una majani machache na akiba ndogo, kwa hiyo machipukizi yake ya kwanza huwa membamba kama kalamu. Mashina hayo membamba hutoa majani, majani hutengeneza chakula, na chakula hushuka kwenye rizomu. Msimu unaofuata rizomu iliyonenepa hutoa machipukizi manene kidogo kama kidole gumba, na baada yake mengine kama kifundo cha mkono. Kizazi hupisha kizazi, kila kimoja kikiwa kinene kuliko kilichotangulia, mpaka kichaka kifikie kimo cha aina yake. Kwa mianzi mikubwa safari hiyo huchukua yapata miaka 6 hadi 10.

Hapa ndipo vichaka vingi vinapoharibiwa. Mwaka wa pili au wa tatu mwenyewe huona vijiti vyembamba na kuvikata ili atengenezee uchanja au ua wa bustani, akitumaini kwamba vilivyobaki vitanenepa. Kumbe anakata majani yale yale ambayo yangelipia machipukizi manene ya mwaka ujao. Akirudia hivyo kila mwaka, kichaka hakitatoka katika utoto wake.

Kuchagua aina

Kuna aina mbili kuu za rizomu, na tofauti yake ni jambo la kwanza la kuuliza kabla ya kupokea mche kwa mtu yeyote.

Ya kwanza ni rizomu inayotambaa. Hii ni nyembamba na ndefu, huenda mbali chini ya udongo na kutoa mashina huku na huko. Mianzi ya jenasi Phyllostachys, ambayo asili yake ni China na nchi za jirani zake, ni ya namna hii. Inastahimili baridi, na ndiyo maana imependwa katika bustani za Ulaya na Marekani. Lakini haijui mpaka wa shamba. Katika jimbo la Connecticut, Marekani, ilibidi mwaka 2013 itungwe sheria ya kumwajibisha mtu ambaye mianzi yake ya kutambaa imeingia katika ardhi ya jirani.

Ya pili ni rizomu fupi na nene, ambayo hupinda mara moja kuelekea juu na kuwa shina. Mashina hukaa karibu karibu na kufanya kichaka kinachopanuka taratibu. Mianzi mikubwa ya nchi za joto ni ya namna hii, nayo ndiyo inayofaa bustani zetu. Tutaje minne.

Dendrocalamus giganteus, ambao asili yake ni Asia ya Kusini-Mashariki, ni miongoni mwa mianzi mikubwa kabisa duniani. Hufikia mita 30 kwa urefu, na kipenyo chake huweza kufika sentimita 25. Vichaka vyake katika bustani ya mimea ya Peradeniya nchini Sri Lanka vimekuwa maarufu kwa muda mrefu. Hutaka joto, udongo wenye rutuba na maji mengi.

Dendrocalamus asper hukaribia ukubwa huo, na machipukizi yake huliwa sana katika nchi za Asia. Ieleweke hapa kwamba machipukizi ya mianzi yakiwa mabichi yana kemikali inayoweza kutoa sumu ya sianidi. Kwa hiyo lazima yachemshwe kwa maji mengi, na maji hayo yamwagwe.

Bambusa vulgaris hufika mita 10 hadi 20, na kipenyo cha sentimita 4 hadi 10. Namna yake yenye mashina ya manjano na michirizi ya kijani ni pambo linaloonekana katika bustani nyingi za Afrika Mashariki. Ni rahisi sana kuotesha, kwa hiyo unafaa kwa mtu anayeanza.

Oxytenanthera abyssinica ni mwanzi wa asili ya Afrika. Si mkubwa kama hiyo mingine, lakini hustahimili ukame, na kuta zake ni nene hata uwazi wa ndani hukaribia kutoweka. Watu wa Iringa na Njombe wanaujua vizuri, maana ndio unaogemwa ulanzi. Kanuni yetu inahusika hapa pia: chipukizi lililokatwa ncha ili ligemwe halitakuwa shina refu. Mwenye kichaka anayetaka ulanzi na nguzo pia hana budi kuyaacha baadhi ya machipukizi yaende zake.

Kupanda

Mahali pazuri ni penye jua, udongo mzito kiasi unaoshika unyevu, lakini maji yasituame. Mianzi mikubwa ipandwe umbali wa mita 8 hadi 10 kutoka kichaka kimoja hadi kingine, na umbali kama huo kutoka kwenye nyumba, karo na mabomba ya maji. Isipandwe kamwe chini ya nyaya za umeme.

Kwa kuwa mbegu za mianzi hupatikana kwa nadra, njia ya kawaida ni kutumia sehemu ya mmea ulio hai. Njia mbili zinafaa:

1. Kugawa kichaka. Mwishoni mwa kiangazi, chagua shina la ukingoni lenye umri wa mwaka 1 hadi 2. Likate kwa urefu wa mita 1 au zaidi kidogo, kisha chimba kwa sululu na kukata rizomu yake kwa uangalifu, ukihakikisha kuwa ina macho mazima na mizizi. Kipande cha rizomu kisicho na jicho hakitaota, hata kiwe kikubwa namna gani.

2. Kutumia vipandikizi vya shina. Chukua shina la umri wa mwaka 1 hadi 3, likate katika vipande vyenye mafundo 2 au 3, na upunguze matawi bila kujeruhi macho. Vilaze katika kitalu chenye kivuli, uvifunike kwa udongo wa sentimita 5 hadi 10, na kumwagilia kila siku. Bambusa vulgaris huota vizuri kwa njia hii; Dendrocalamus giganteus ni mgumu zaidi, na mpandaji aandae vipande vingi kuliko idadi ya miche anayoihitaji.

Shimo liwe na upana na kina cha sentimita 60, lichanganywe samadi iliyooza vizuri, na mche upandwe mwanzoni mwa mvua ndefu. Kiangazi cha kwanza ndicho hatari. Mwagilia, palilia, na weka matandazo mazito ya majani makavu. Majani ya mwanzi yanayoanguka yasifagiliwe na kuchomwa. Yakioza hurudisha katika udongo silika na virutubisho ambavyo mmea uliviondoa humo. Tahadhari moja ichukuliwe: wakati wa ukame majani hayo hushika moto upesi, kwa hiyo moto wa aina yoyote usiwashwe karibu.

Kutunza na kukata

Katika miaka 4 ya mwanzo usikate shina lolote lililo hai, isipokuwa lililovunjika au lenye ugonjwa. Baada ya hapo ukataji hauruhusiwi tu, bali ni wa lazima, kwa sababu kichaka kisichopunguzwa hujisonga katikati na mashina makavu huzuia mapya.

Shina hufikia urefu wake katika miezi 2 hadi 4, lakini halifai kwa ujenzi mpaka kuta zake zikomae, yaani baada ya miaka 3 hadi 5. Kwa kuwa halinenepi, unene hauwezi kutuambia umri: shina jembamba laweza kuwa kongwe, na nene likawa la mwaka jana. Njia ya hakika ni kuweka alama. Kila mwaka, mvua zinapokwisha, andika mwaka kwa rangi kwenye kila shina jipya. Baadaye kata yale tu yaliyotimiza miaka 4 au zaidi, na uyaache ya mwaka 1 hadi 3, kwani hayo ndiyo yanayozaa machipukizi ya msimu unaofuata.

Mashina ya zamani hukaa katikati na mapya ukingoni. Ili kuyafikia ya katikati bila kuyakanyaga mapya, acha njia upande mmoja, kichaka kichukue umbo la kwato ya farasi. Kata juu tu ya fundo la kwanza au la pili kutoka chini, ili kisiki kisibaki na kikombe cha kutuamisha maji na kuzalisha mbu. Vaa glavu, maana magamba ya mianzi mikubwa yana vinyweleo vinavyowasha ngozi. Usikate wakati machipukizi yanakua.

Mwanzi uliokatwa una adui, mdudu mdogo anayetoboa, aitwaye Dinoderus minutus. Ni wa ukoo mmoja na dumuzi, yule aliyeingia nchini Tanzania kutoka Amerika na kuanza kuharibu mahindi ghalani mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mdudu huyu hufuata wanga uliobaki ndani ya shina. Kuloweka mianzi katika maji kwa wiki kadhaa, na kisha kuikausha kivulini, hupunguza wanga na sukari, na hivyo kumnyima chakula.

Siku kichaka kitakapochanua

Kuna jambo moja ambalo hakuna utunzaji unaoweza kulizuia. Aina nyingi za mianzi huishi miongo mingi bila ua hata moja. Kisha mimea ya nasaba moja huchanua karibu wakati mmoja, hutoa mbegu na kufa. Katika Mizoram, kaskazini-mashariki ya India, mwanzi uitwao Melocanna baccifera huchanua kila baada ya miaka 48 hivi. Ulipochanua mwaka 1959, panya waliongezeka kwa wingi kwa kula mbegu zake, kisha wakavamia mashamba na kuleta njaa. Ulichanua tena kuanzia mwaka 2006.

Kwa mtu wa bustani somo liko katika maneno "nasaba moja". Kichaka kilichotokana na kipandikizi si mtoto wa kichaka cha mama. Ni sehemu yake, na huenda kwa saa ile ile ya maumbile. Mwaka 1907 Ernest Henry Wilson alichukua nchini China mwanzi mdogo wa pambo ambao leo huitwa Fargesia murielae. Mimea iliyogawanywa kutoka huo ilienea katika bustani za Ulaya. Ilipofika miaka ya 1990 vichaka vingi vya mwanzi huo vilichanua na kufa katika nchi mbalimbali, ingawa vilikuwa vimetenganishwa na mamia ya kilomita.

Kwa hiyo shule yenye nafasi isipande bustani nzima kutoka kichaka kimoja. Ichukue aina mbili au tatu, au miche kutoka mahali mbalimbali. Kichaka kikichanua, mbegu zikusanywe na kupandwa mapema, kwani nyingi haziwezi kuhifadhiwa kwa muda mrefu.

Zoezi la darasa

Mwaka 1904 R. H. Lock alichapisha uchunguzi wake kuhusu ukuaji wa mianzi mikubwa huko Peradeniya, na hasa uhusiano wa unyevu na kasi ya kukua. Vifaa vya kuuchunguza uhusiano huo havishindi shule yoyote: ufito mrefu wenye alama za sentimita, kamba, na daftari.

Wanafunzi wachague machipukizi matatu yenye unene tofauti, wapime mzingo wa kila moja sentimita 20 kutoka ardhini, na kuandika urefu wake saa 12 asubuhi na saa 12 jioni kwa siku 30. Kabla ya kuanza waandike watarajiavyo. Mchana majani ya kichaka hupoteza maji mengi, nazo seli zinazorefuka zinahitaji maji ili zitanuke; je, chipukizi litakua zaidi mchana au usiku? Siku za mvua zitatofautianaje na siku kavu? Mwishoni wachore grafu ya urefu dhidi ya siku, na wapime mzingo mara ya pili. Mwanafunzi ambaye amepima kwa mkono wake, akaona kwamba urefu umeongezeka mara kumi na mzingo haukuongezeka, hatasahau tofauti ya nyasi na mti.

Ndugu mwalimu, mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza atakayeandika mwaka kwenye chipukizi leo atamaliza Kidato cha Nne shina hilo likiwa linakaribia kufaa kukatwa. Shule itakayoweka alama hizo kila mwaka bila kukosa itakuwa na nguzo, kivuli, na daftari la takwimu ambalo wanafunzi watakaofuata wataweza kulisoma na kuliendeleza.

Maswali ya kujadili

1. Eleza kwa nini kumwagilia na kutia mbolea mwaka huu hakunenepeshi mashina yaliyopo, lakini kwaweza kunenepesha ya mwaka ujao.
2. Jirani anataka kukata mashina yote membamba ya kichaka chake cha miaka 2 ili "kukipa nguvu". Utamshauri nini, na kwa sababu gani?
3. Shina moja lilikuwa na urefu wa mita 3.2 siku ya 20, na mita 9.7 siku ya 40. Tafuta wastani wa kukua kwake kwa siku na kwa saa.
4. Kijiji kimepanda vichaka 50 vya mianzi, vyote kutoka kichaka kimoja cha mama. Taja faida moja na hatari moja ya uamuzi huo.